Masikio ya Fundi Osiako

Ilikuwa sauti moja tu, kubwa na kavu, kama mlango wa chuma wa tanuri uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Baada yake injini ya kushoto ikanyamaza, ndege nzima ikainamia upande mmoja, na Mathew Osiako akaona dirishani ulimi wa moto ukilamba bawa juu ya bahari.

Huo ulikuwa mwaka wa 1993. Osiako alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari karibu na Butali, na kiwanda kilikuwa kimempeleka India miezi miwili kujifunza kutunza mtambo mpya wa mvuke. Sasa alikuwa njiani kurudi nyumbani. Muda mfupi kabla ya kishindo alikuwa amemwita mhudumu wa ndege na kumwambia kwamba injini ile ilikuwa na mkwaruzo. Mhudumu alitabasamu, akamletea maji ya kunywa.

Kwa dakika arobaini ndege ilijikokota kurudi Bombay kwa injini moja. Watu walilia kwa lugha ambazo hakuzijua. Mwanamke aliyeketi kando yake alikuwa akimfunga mtoto kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena. Osiako hakulia. Aliisikiliza injini iliyobaki, pumzi kwa pumzi, kama mtu aliyeketi na mgonjwa wake. Walipotua salama abiria walipiga makofi, lakini mikono yake yeye haikufunguka. Wahudumu wawili waliibandua kwenye kiti, kidole kimoja kimoja.

Siku tatu baadaye akarudishwa kwa ndege nyingine. Alifumba macho kutoka Bombay mpaka Nairobi.

Kiwandani walimwita Daktari. Tangu alipotoka kusoma ufundi katika chuo cha Sigalagala alikuwa na desturi yake: anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha mtambo, anabana mpini kwenye sikio, anafumba macho. "Hii itakufa Alhamisi," angesema, na Alhamisi ikifika, mtambo ulikufa. Baada ya India walipata jambo la kumcheka pia. Ndege ikipita juu ya mashamba ya miwa, Osiako aliweka kikombe chake cha chai chini na kungoja mpaka sauti iishe.

"Daktari, hiyo nayo inaumwa wapi?" Wanyama angeuliza. Wanyama alikuwa mdogo wake, dereva wa trekta la kubeba miwa, mtu asiyeweza kumaliza saa moja bila utani. "Tukuletee ngazi ukaipime?"

"Cheka tu. Hiyo ni nzima. Lakini ile yangu, niliwaambia."

Neno hilo la mwisho alilirudia kwa miaka minne. Lilikuwa faraja yake. Alikuwa amekaribia kufa, lakini masikio yake hayakuwa yamemdanganya.

Mwezi wa Agosti 1997 simu iliingia katika ofisi ya kiwanda kutoka India. Elvis, mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa akisomea uhandisi mwaka wa tatu huko Pune, alikuwa amegongwa na lori akiwa kwenye baiskeli. Osiako alipokea habari hiyo akiwa bado amepakaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akautazama, kisha akatoa kitambaa mfukoni akaupangusa doa alilouachia.

Wanafunzi Wakenya wa huko waliahidi kushughulikia karatasi na jeneza. Lililobaki lilikuwa la ukoo, na ukoo ulisema kupitia kinywa cha Pascalia, dada yao mkubwa.

"Mtu wetu hatumwachi arudi peke yake kama gunia la mbegu," alisema. "Mtu wa damu yake anakaa naye njiani. Kila wakivuka maji anamwambia: hapa ni Nyando, hapa ni Yala, hapa ni Isiukhu, umekaribia. Asiyeambiwa anabaki pale pale kwa maji, anauliza njia."

"Na bahari, dada?" Wanyama aliuliza. Safari hiyo hakuwa akitania.

"Kwani bahari si maji?"

Mambo hayo Osiako aliyajua tangu utotoni. Alijua pia kwamba siku ya mazishi, kabla mchungaji hajaomba, aliyemleta marehemu husimama wa kwanza na kuwasimulia watu njia nzima waliyopita, ili wote wajue kwamba aliyelala ndani ya jeneza amefika kweli.

Wanyama alijitolea kwenda yeye. Lakini katika ukoo mzima pasipoti ilikuwa moja, ile ambayo kiwanda kilimtafutia Osiako, na kupata nyingine kungechukua miezi.

Jioni ile Selpher, mkewe, alimkuta amesimama nyuma ya jiko, hafanyi kitu.

"Baba Elvis, utaweza?"

"Nitaweza."

"Usinijibu kama unajibu meneja. Niambie mimi."

"Sijui, Mama Elvis. Lakini nitaenda."

"Basi umshike mkono, hata kama ni kwa maneno tu," Selpher alisema. "Hajawahi kupenda kulala mahali pageni."

Alienda. Shati lake liliruka angani likiwa kavu, likatua limelowa mgongo mzima, lakini alifika. Kule alimtambua mwanawe kwa kovu la panga kwenye goti. Akamvalisha suti ambayo Selpher alikuwa ameipiga pasi mara mbili, akasimama huku mafundi wakifunika jeneza kwa bati na kulifunga. Asubuhi ya kuondoka aliliona likipandishwa tumboni mwa ndege. Ndani alichagua kiti alichodhani kiko juu yake. Akainamia miguu yake, akaanza kuongea polepole kwa Kiluhya.

"Elvis, tumekaa sasa. Bado hatujatoka. Tukifika kwa maji makubwa nitakwambia."

Milango ikafungwa. Injini zikawashwa, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Osiako hakuwa na bisibisi. Alibandika sikio kwenye ukuta wa ndege, akafumba macho, na ndani ya mvumo ule akausikia mkwaruzo.

Labda ulikuwepo. Labda ilikuwa damu yake mwenyewe ikipiga sikioni. Alimwita mhudumu.

"Injini ya kushoto ni mgonjwa."

"Bwana, kila kitu kimekaguliwa."

"Mwenzako pia aliniambia hivyo. Mwaka wa tisini na tatu. Niliwaambia!"

Abiria waligeuka kumtazama. Akaja ofisa mmoja mwenye mistari mabegani, akachuchumaa karibu naye, akamweleza kwa upole jinsi injini zinavyopimwa. Osiako aliona midomo yake ikienda lakini alichosikia ni mkwaruzo tu. Alikuwa ameshafungua mkanda.

"Nishusheni."

"Ukishuka hatuwezi kukungoja."

"Mtoto wangu yuko huko chini. Mshusheni na yeye."

Jibu alilipata akiwa tayari amefika chini ya ngazi. Begi lake lingetolewa, maana sheria hairuhusu begi kusafiri bila mwenyewe. Lakini jeneza si begi. Jeneza ni shehena, karatasi zake zimeshapigwa muhuri, nalo limepangwa nyuma kabisa, limezibwa na masanduku ya wafanyabiashara. Litakwenda. Yeye anaweza kupanda tena, kama anataka, sasa hivi.

Alizihesabu ngazi. Zilikuwa kumi na nane. Hakukanyaga hata moja. Akasimama kwenye lami akishika begi, na ndege ikaondoka, ikakimbia, ikainuka. Aliitazama injini ya kushoto mpaka ikawa doa, mpaka doa likaisha, akingoja moto.

Moto haukuja. Ndege ile ilitua Nairobi dakika kumi kabla ya wakati wake.

Yeye alifuata kesho yake, kwa ndege, maana njia nyingine haikuwepo. Safari hiyo hakusikia mkwaruzo wala mvumo. Hakusikia kitu chochote.

Wanyama alimpokea uwanjani. Alikuwa amelipokea jeneza peke yake na kulipeleka mochari, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliwaambia nyumbani mlifika pamoja jana, ila mambo ya karatasi yakakuchelewesha hapa Nairobi," alisema. "Wanajua hivyo. Na kwangu haitatoka, ndugu yangu. Sasa maji ya barabarani Elvis utamwambia wewe mwenyewe. Hiyo inatosha."

Walikodi pikapu. Osiako alikaa nyuma na jeneza. Kwenye daraja la Nyando aliyatazama maji yakipita chini. Angemwambia vipi habari za Nyando mtu aliyemwachia bahari nzima? Walipofika Yala, Wanyama, aliyekuwa akimchungulia kwenye kioo, alisimamisha gari, akashuka, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Kijana, hapa ni Yala," alisema. "Baba yako amechoka. Mimi ndio nakwambia."

Nyumbani turubai lilikuwa limefungwa kando ya shamba la miwa, na watu walijaa mpaka barabarani, wakataji wa miwa, mafundi, walimu waliomfundisha Elvis kusoma. Kaburi lilikuwa wazi. Pascalia alisimama, akarekebisha leso yake.

"Aliyemleta asimame," alisema. "Atupe njia."

Osiako alisimama. Alikuwa ameyaandaa maneno yake: tulitoka Bombay asubuhi, bahari ilikuwa imetulia, nilimwambia hapa ni maji makubwa, usiogope. Yalikuwa maneno mazuri. Wanyama aliviangalia viatu vyake mwenyewe. Mchungaji alifunga Biblia kidole kikiwa katikati ya kurasa, akingoja.

"Tulitoka Bombay asubuhi," Osiako alianza.

"Ndiyo," watu waliitikia.

Selpher, aliyeketi chini kwenye mkeka karibu na jeneza, aliinua uso. Siku hizo zote alikuwa hajauliza kitu. Sasa alimtazama kama mtu mwenye kiu anavyomtazama aliyeshika kibuyu.

"Tuambie bahari, Baba Elvis," alisema. "Ulimwambiaje kwa bahari?"

Watu wa nyuma walianza kuulizana. Pascalia aliinua mkono wanyamaze. Osiako alimwangalia mkewe, akaangalia umati, kisha akawapa wote mgongo. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha jeneza na kusogeza mdomo karibu, hivi kwamba waliosikia walikuwa Selpher na wachache waliokaa mbele.

"Elvis," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilishuka."