Tairi Alilochagua Mwalimu Ogola

Mwalimu Ogola alisukuma kidole gumba ndani ya mfereji wa tairi, kikazama hadi ukucha ukafichika, akatabasamu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, likizo ya Aprili, katika kibanda cha Waliaula karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Hivyo ndivyo watu wengi wa huku wanavyochagua tairi la pikipiki. Hawasomi kilichoandikwa ubavuni. Wanatia kidole. Kidole kikizama, tairi ni zuri. Kisipozama, wanalirudisha na kuchukua lingine.

"Hii ndiyo nataka," Ogola akasema. "Angalia meno! Hii inaweza kupanda ukuta."

Waliaula alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, akifungua gurudumu la nyuma. Aliinua macho, akaliona tairi lile, na mkono wake ukasimama juu ya spana. Lilikuwa tairi la mkokoteni.

Wauza maji wa mikokoteni humletea matairi ya pikipiki yaliyokwisha, naye huyachonga. Hupasha kisu moto, hufuata mifereji iliyofutika na kuikata upya ndani ya mpira uliobaki, kisha hupaka rangi nyeusi ya viatu. Tairi likitoka hapo linang'aa, na mifereji yake ina kina kuliko ya tairi jipya, kwa sababu kisu kimekaribia nyuzi za ndani. Kwa mkokoteni unaokwenda mwendo wa mtu, halina neno. Kwa pikipiki ya watu wawili na mizigo, kwenye lami yenye joto, ni mauaji yanayosubiri saa yake. Waliaula alijua hivyo, ndiyo maana huyatia alama ya rangi nyeupe upande mmoja na kuyatundika nyuma ya kibanda. Hilo moja, kwa uzembe wake, alikuwa amelitundika mbele, na alama ilikuwa upande ambao Ogola hakuugeuza.

"Mwalimu, hiyo..." Waliaula akaanza.

"Hiyo nini?"

"Safari yenu ni ya lami tupu, na mvua iko njiani. Kwa lami hutaki meno. Unataka ile ya mifereji ya kutoa maji, ile ya mviringo, inashika barabara hata ukilala kwa kona. Wacha nikuonyeshe. Iko hapo, haijamaliza hata mwaka tangu itoke kiwandani."

Ogola alicheka, akamgeukia mkewe. "Debra, umesikia? Huyu Mulembe anataka kunifundisha." Mulembe ni salamu ya Waluhya, na mjini Kisumu imekuwa jina la kumwitia Mluhya yeyote. "Omera, ndugu yangu, mimi ndiye mwalimu hapa. Wewe ulifika darasa la ngapi?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu walicheka.

"La saba," Waliaula akasema.

"Basi wewe funga nati. Kuchagua niachie mimi."

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: hii ni ya mkokoteni. Yalifika ulimini, na Waliaula akayameza. Moyoni alijiambia kwamba mtu mzima amechagua mwenyewe, na tena mbele ya watu. Akalivalisha tairi lile kwenye rimu, akalijaza upepo, akakaza nati, akapokea pesa. Mtu asije akamtetea kwamba hakujua. Alijua, na alinyamaza kwa sababu alichekwa.

Debra alikuwa akifunga mkate na sukari kwenye mfuko nyuma ya kiti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri sana. "Miaka kumi ya ndoa, fundi, leo ndiyo ananitembeza," alisema. "Tunapitia kwa shangazi yangu Pap Onditi, tunywe chai. Halafu Kendu Bay, Homa Bay, tulale Mbita. Kesho tunavuka ziwa na feri, turudi kupitia Bondo. Utuombee." Alichukua simu zao mbili, akazifunga ndani ya karatasi ya nailoni kwa ajili ya mvua, akazitia chini ya mkate.

Wakaondoka. Meno ya tairi la nyuma yalivuma juu ya lami mpaka sauti ikapotea upande wa Nyamasaria.

Waliaula alijaribu kuziba pancha ya mteja aliyefuata, na vidole vyake vikakataa kazi. Kwanza alidhani ni hasira. Alipoona gundi inamwagika kwenye goti lake, akatambua kwamba ni hofu.

Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja Kisumu kuendesha bodaboda. Mwaka 2011, pale Nyamasaria, tairi lake la nyuma lilipasuka akiwa amembeba mama mmoja mzee aliyetoka sokoni. Hakukuwa na dalili. Palikuwa na mlio kama wa bunduki, kisha pikipiki ikaanza kucheza chini yake kama samaki ndani ya beseni, kisha lami. Yule mama alipona, lakini hakutembea tena. Waliaula alibaki na mguu wa kuchechemea. Tairi lile lilikuwa la kuchongwa. Fundi aliyemfungia alilijua na hakusema neno. Tangu siku hiyo Waliaula hakupanda pikipiki, si kama dereva wala kama abiria. Alijifunza kuyatengeneza matairi, na kila mwaka alimhukumu fundi yule moyoni mwake.

Sasa alikuwa ameketi mahali pa fundi yule.

Akapiga simu ya Ogola. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, akiiona akilini ikiita ndani ya nailoni, chini ya mkate. Juu ya milima ya Nandi wingu lilikuwa limeshuka, jeusi upande wa chini, likielekea Nyakach.

Alikimbia, kadiri mguu ulivyomruhusu, hadi kituo cha bodaboda. Kituo kilikuwa kitupu. Mwenzao alikuwa akizikwa siku hiyo, na waendeshaji wote walikuwa wamekwenda kuisindikiza maiti kutoka mochari, wakipiga honi na kusokota magurudumu mpaka moshi utoke, kama wafanyavyo siku hizi katika desturi ya kumfukuza Kifo nyumbani kwa marehemu. Ukingoja gari la abiria lijae, kisha ubadilishe Ahero, saa mbili zitakwisha.

Aliyebaki ni Benta, muuza samaki wa kibanda cha pili, ambaye hutumia pikipiki yake kuleta samaki kutoka Dunga.

"Benta, nipe pikipiki."

"Ukampe nani?"

"Mimi."

Benta aliweka chini kisu cha kuparia magamba. "Wewe? Wewe unayetoka barabarani kwa sababu baiskeli inapita? Mulembe, umekunywa?"

"Nimemfungia Mwalimu Ogola tairi ya mkokoteni."

Benta hakutania tena. Alitoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, ukiwa na magamba ya samaki. "Breki ya mbele ni kali, usiibane ghafla," alisema. "Na wewe, wakiwa wameanguka, usikimbie. Ukae nao."

Waliaula alichukua lile tairi la lami alilokuwa amempendekezea Ogola, akalipitisha kichwani na bega moja kama mkoba. Akatia vyuma vya kutolea tairi, spana na pampu kwenye kreti la samaki. Akakaa kitini. Aliwasha. Mara mbili injini ikazimika kwa sababu mkono wake uliachia klachi kama mtu aliyeungua.

Alikwenda pole pole, pembeni kabisa, huku malori ya miwa yakimpita na upepo wake kumsukuma. Nyamasaria hakutazama upande aliokuwa ameangukia, lakini mwili ulipajua. Magoti yalibana tangi mpaka yakauma. Alisema Baba Yetu kwa sauti, akakosea katikati, akaanza upya.

Baada ya hapo akaanza kuona mipira. Barabara ya Ahero imejaa vipande vya tairi, na mtu mwingine hupita bila kuviona. Waliaula alivisoma vyote. Kila kipande cheusi kilichokuwa mbele alikikodolea macho mpaka akifikie na kujua si cha tairi la Ogola. Karibu na mashamba ya mpunga palikuwa na kipande kirefu katikati ya lami, na hatua chache kutoka hapo watu watano wamesimama wakiangalia mtaroni. Alisimama. Alishuka, akakiokota kipande kile kwa mikono miwili. Kilikuwa kinene. Cha lori. Watu wale walikuwa wakimvuta ng'ombe aliyeteleza.

"Mzee, unatafuta nini?" mmoja akamuuliza.

"Sijakiona," Waliaula akajibu, na machozi yakamtoka mbele ya watu asiowajua.

Mvua ilimkuta baada ya Katito. Ilianza kwa matone machache makubwa, kisha barabara yote ikawa nyeupe. Aliwaza jinsi meno yale yanavyosimama juu ya lami yenye maji, kila jino peke yake, halina cha kushika. Na chini ya meno nyuzi zinapata joto la uzito wa watu wawili. Hakuongeza mwendo. Alitaka, na hakuweza. Hofu ya kuanguka na hofu ya kuchelewa zilimshika kila moja mkono wake.

Alipofika Pap Onditi aliuliza dukani njia ya kwa shangazi wa Debra wa Kisumu, akaelekezwa boma lenye ua wa minyaa. Mvua ilikuwa imepungua. Pikipiki ilikuwa chini ya baraza, imesimama kwa magurudumu yote mawili, na Debra alikuwa akiufunga tena mfuko nyuma ya kiti. Ogola alishavaa helmeti.

Waliaula hakusalimu. Alipita katikati yao akapiga magoti penye gurudumu la nyuma, akalizungusha taratibu.

"Omera, umetufuata kutuuzia tairi?" Ogola akacheka. "Mpaka Pap Onditi! Biashara imekuwa mbaya namna hiyo?"

"Njoo uone, Mwalimu."

Kwenye ubavu, juu kidogo ya rimu, mpira ulikuwa umevimba kama yai la kuku. Ndani ya mfereji mmoja, ule ule uliopokea kidole cha Ogola, nyuzi zilikuwa zimejitokeza, nyeupe kama uzi wa kushonea. Waliaula akamwonyesha na ile alama ya rangi.

"Hii ni ya mkokoteni. Niliichonga mwenyewe."

Ogola alivua helmeti. Kicheko kilimtoka usoni polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga. "Ulijua asubuhi?"

"Nilijua."

"Ukafunga?"

"Nikafunga."

Ogola akainua mkono. Waliaula hakukwepa. Debra ndiye aliyeushika mkono ule, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa akilitazama lile yai la mpira, chini ya mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekaa.

"Ungempiga kwa nini, Baba?" alimwambia mumewe. "Alipotaka kusema ulimuuliza darasa." Kisha akamgeukia Waliaula, na sauti yake haikuwa laini zaidi. "Na wewe. Hata angekutukana mama yako mzazi, ungesema. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mimi sikukucheka."

Waliaula akachukua vyuma vyake.

Alilitoa tairi kwenye rimu, na Ogola akaishikilia pikipiki. Tairi lile jipya lilipokuwa tayari kuingia, Waliaula alimwonyesha tarakimu nne ubavuni. "Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka iliotoka kiwandani. Kisha soma za lile lingine."

Mwalimu aliinama juu ya tairi la zamani, akafuta matope kwa kidole. "Tatu, moja, moja, nne," alisoma, taratibu, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na kumi na nne.

Debra aliingia jikoni kwa shangazi yake akatoka na panga. Alimpa Waliaula. "Likate. Hapa, nikiona."

Alilikata mara mbili. Panga lilipita bila shida. Hapakuwa na mpira wa kulizuia.

Ogola alikubali kurudishiwa pesa zake, akazitia mfukoni pasipo kuaga. Wakaendelea na safari kuelekea Kendu Bay, pole pole, na Waliaula akasimama barabarani akiwatazama mpaka kona ikawachukua. Kisha ilimbidi arudi Kisumu. Hofu haikuwa imempungua hata kidogo. Njia nzima aliendesha kwa mwendo wa baiskeli, na alipomrudishia Benta ufunguo, mishikio ya usukani ilikuwa imechora alama viganjani.

Mwalimu Ogola na Debra walifika Mbita, wakavuka na feri, wakarudi salama. Hawajakanyaga tena kibanda cha Waliaula, nao wana haki. Wauza maji pia walihama, kwa kuwa hachongi tena. Nusu ya tairi lile imetundikwa mlangoni, mkato ukiangalia nje.

Wateja bado wanakuja, wananyoosha mkono, wanatia kidole. Waliaula husimama, hata kama ana kazi mkononi, na sauti yake bado hutetemeka anaposema, mbele ya wanaocheka na wasiocheka: "Toa kidole hapo. Nisomee kwanza ubavuni."