Niliyekataa Fedha kwa Adabu

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Zawadi, Mkongo ninayesoma na kupanga chumba naye huku ughaibuni, Germantown.

Tunasomea uuguzi, kozi ya haraka ya miezi kumi na sita. Haikuachii nafasi ya kibarua, kwa hiyo niliacha kazi yangu ya kulea wazee kule Landover. Mkopo ulilipa ada. Kodi na chakula vikabaki shingoni mwangu.

Mama wa ofisi ya misaada ya chuo akaniita. Kuna fedha za kujikimu, akasema, je, nazihitaji? Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimelelewa kwamba ukikaribishwa huivamii sahani. Nikasema, "Asante mama, nitajikaza tu." Akauliza kama nina uhakika. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikamrudishia fomu kwa mikono miwili, nikatulia nikingoja anisihi mara ya tatu.

Akanipa mkono, akanisifu, akafunga faili. Adabu ile inahitaji watu wawili wanaoijua, na mle ofisini nilikuwa peke yangu.

Wiki mbili nikanywa chai kavu. Juzi Zawadi akarudi na nyama. Amepata fedha za kujikimu, kuna mwanafunzi alizikataa.

"Mutu gani anakataa pesa?" akacheka huku akipakua. "Karibu dada, tukule."

"Asante, nimeshiba," nikasema, na tumbo likanguruma.

Upawa ukasimama hewani.

"Dada," akasema polepole, "kumbe ni weye."