Andazi la Jumatatu

Nikisikia harufu ya mandazi, kiganja huniwasha pale mkono wa mtungi wa maji ulipozoea kunikata.

Alhamisi moja, mtaani kwetu Laini Saba, mama alikuwa akikaanga, akatangaza: "Kuanzia leo, mwenye kuteka maji anakula mandazi ya kwanza."

"Na mimi nimeteka tangu Jumatatu!" nikafoka. "Hiyo sheria irudi nyuma!"

Mama alicheka hadi akatoa machozi, kisha akanipa manne ya moto, moja kwa kila siku. Nikayabugia yote.

Dada yangu, aliyekuwa akisikia yote mlangoni, akaingia. "Jumatatu si ulilia hapo kwa reli, nikakubebea mtungi? Hiyo moja ni yangu!"

Lakini la Jumatatu lilikuwa limeshashuka.

Hadi leo dada akinitembelea, kabla hata ya salamu, ananyoosha mkono: "Leta ile ya Jumatatu."

Hulikuta mezani, limefunikwa, bado la moto.