Kengele Tatu za Jembe la Bibi

Shule niliiacha darasa la nne na sijaijutia. Uliza Bariadi nzima ni nani aliyeanza kuchana springi ya lori na kutoa panga, utaletwa kwangu. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana na malori yao chakavu kwenye barabara zetu mbovu, springi zinakatika kila kukicha. Wengine waliona uchafu wa barabarani. Mimi niliona panga, shoka na patasi. Nyumba yangu ya kwanza ya bati niliijenga kwa springi za watu.

Kwa hiyo chuma nilikijua. Mpaka liliponifikia jembe la bibi mzaa mama.

Lilikuwa jembe la kale, la wahunzi wale waliopata chuma kwa kuyeyusha mawe, enzi majembe yanakwenda kwenye mahari pamoja na ng'ombe. Lilitolewa kumwoa mama yake bibi, na bibi akalilimia mpaka likaisha nusu. Alipofariki, binti zake watatu wakaligombea. Mama mkubwa alikuja kutoka Bukundi akasema kitu cha marehemu ni cha mkubwa. Mama mdogo wa Ngulyati akasema yeye ndiye aliyemuuguza. Mama yangu, wa katikati, alikuwa anaishi kwangu. Akasema jembe liko chini ya kitanda chake na halitoki. Ikafika mahali hata salamu ya mwadila hawapeani.

Nikawaita wote kwenye karakana. Nikawaambia nitalikata vipande vitatu, kila mmoja nimfulie kisu cha jikoni, apike na mama yake mkononi.

“Na ukiliharibu?” mama mkubwa akauliza.

“Mimi, mama mkubwa?”

“Wewe. Panga lako la mwaka jana limemchosha mume wangu kulinoa.”

“Kuna watu wananoa na kuna watu wanapapasa,” mama mdogo akaliambia jiko la mkaa, maana dada yake hakuwa anasema naye.

Nikakata. Hapo tena hakuna kurudi. Nikafua kisu cha kwanza, kizuri cha kupigwa picha, nikakizamisha kwenye maji yakachemka, nikakichomeka kwenye boga. Kukisukuma kidogo boga lipasuke, kikajikunja kama ulimi wa ng'ombe.

Wakasogea wote watatu kukitazama. Kisha mama akasema, taratibu, “Umemuua mayu, mama yetu, mara ya pili.”

Neno hilo lilinichoma, sikatai. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile chuma. Springi ukiichoma na kuitia majini inakuwa ngumu hata inakatika. Hiki kilitoka majini laini vilevile. Nikakirudisha motoni, nikakikunja, hakikupasuka. Nikakikunja tena kama mtu anakunja khanga. Nikakichana ukingoni nikaona kina nyuzi ndani, kama nyama iliyochemka sana. Chuma chenye nyuzi! Nimeshafua vyuma vya kila aina, na mpaka leo sijapata wa kunieleza wale wazee waliziweka vipi nyuzi hizo.

“Anacheza,” mama mkubwa akasema.

“Mwache,” mama akajibu. “Akinyamaza hivyo anafikiri. Ni mara chache.”

Kitu kinachotaka chuma cha kukunjika bila kuvunjika ni kengele ya ng'ombe. Wakati ule tulikuwa tunazitengeneza kwa bati la pipa la mafuta, zinalia kama sufuria. Nikakipiga kile kisu mpaka kikawa chembamba, nikakikunja, nikaubana ukingo, nikaning'iniza ulimi ndani. Nilipoitikisa, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliacha kukanyaga mashine, akatoka nje kuangalia.

Vipande viwili vilivyobaki nikavifanya vivyo hivyo. Chuma kimoja, mkono mmoja, na bado kila kengele ikatoka na sauti yake. Nilizipima kwa vidole, nikazitazama ndani, sikuona tofauti ya kutosha.

Mama mkubwa akazishika zote, akazitikisa moja moja karibu na sikio. “Hii naichukua. Ndiyo sauti ya mayu akituita tutoke kisimani.”

“Mayu hakuwa na sauti hiyo,” mama mdogo akasema, na safari hii alimwambia yeye usoni. “Hiyo ni yako ukidai kitu.”

“Wewe ulikuwa mgongoni, utajua nini?”

“Aliye mgongoni ndiye anasikia vizuri.”

Mama akacheka kwanza. Akampokonya mkubwa ile kengele, akampa mdogo, mwenyewe akachukua ile yenye sauti nene, akasema hivyo ndivyo mayu alivyokuwa akikohoa asubuhi. Mkubwa akataka kuisikia tena. Jua likaanza kushuka bado wanabadilishana, kila mmoja ameshika ya mwenzake. Nikafukia viazi kwenye makaa ya karakana, maana niliona hakuna anayeondoka.