Mwanamume Aliyekalia Mayai Bulla Iftin

"Kuku wangu alikuwa anaumwa nini?"

Huyo ni Saado, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Amesimama mlangoni kwangu, kuku aliyechinjwa ananing'inia mkononi.

"Homa, eedo," Rage, mgeni wangu, akamjibu, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Nimeshika yeye, anawaka."

"Homa gani?"

"Hakuli. Hasimami. Manyoya imesimama. Kila nikipita, amekaa pahali pamoja tu. Ngamia ikifanya hivyo, inakufa. Nikachinja bado iko hai, nyama isiharibike."

Saado akanigeukia mimi. Akaniuliza huyu mtu nimemtoa wapi.

Nilimtoa Tarbaj, kule malishoni, jamani. Ni mtoto wa binamu yangu.

Hii stori ni ya mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zimetuacha na matope na mbu wa kufa mtu. Kwangu ndiko kulikuwa kituo cha bulla nzima, yaani mtaa wetu wote. Anayepita anakunywa chai, asiyepita anatumiwa. Kwa hivyo niliyoyaona niliyaona kwa macho, sikuhadithiwa.

Rage alikuwa amekulia kwenye ngamia. Alikuwa akiweka kiganja nyuma ya sikio la ngamia, anakwambia hii imeshiba, hii ina kiu, hii ni ya kuchinja leo.

Lakini kuku? Kwao kuku ni ndege tu kama ndege wengine. Hajawahi kumshika hata mmoja. Kuku anayelalia mayai hajawahi kumwona wala kumsikia.

Na alikuja Garissa kwa jambo moja. Ramla, binti wa Saado. Ijumaa wazee walikuwa waje kumposa.

Sasa amemchinja kuku wa mama mkwe.

Tena si kuku hivi hivi. Mafuriko yalikuwa yamebeba banda lote la Saado, akabaki na huyo mmoja. Mayai aliyokuwa ameyalalia ndiyo yangekuwa mwanzo mpya wa ile biashara yake ya kuwauzia walimu na wake za maofisa.

Saado hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema wazee waje Ijumaa, watakunywa chai, watarudi. Mtu asiyejua mzima na mgonjwa hampi mtoto wake.

Rage akakaa chini kwenye matope.

Tukamwita mwalimu Jama, anayefundisha sayansi hapo shule ya msingi. Akakigusa kile kiota, akasema mayai bado yana uhai, yalikuwa yamebakiza siku chache tu kuanguliwa.

Halafu akaanza somo. Kuku hakuwa mgonjwa, akasema, alikuwa anaatamia mayai. Kuku ndivyo alivyo, mwili wake una moto kuliko wa mtu. Chakula ni kuni. Kiumbe kidogo joto linamtoka upesi, kwa hivyo anachoma kuni zake mbio mbio, ndiyo unamwona anadonoa kutwa. Ngamia ni mkubwa, anachoma polepole. Tena ngamia asubuhi anapoa, mchana anaacha mwili upande joto bila kutoka jasho, asipoteze maji.

"Hiyo najua," Rage akasema.

"Basi kuku hana asubuhi wala mchana. Moto wake ni uleule, na ndio anayapa mayai."

Kuku mwingine hakuna. Taa ya chemli Jama alisema itayachoma.

Sijui nani alitamka kwanza. Wengine husema ni mimi.

Ila tulijikuta sote tunaangalia tumbo la Rage.

Wallahi alikubali. Kwa ajili ya Ramla angekubali hata kutaga. Akalala kwenye mkeka sebuleni kwangu, mayai yamepangwa tumboni, Fosia mke wangu akamfunga na shali mbili. Wakati wa swala nilikuwa nayapokea mimi, nikimaliza kuswali kwangu, maana tumbo langu lina nafasi.

Shida, Rage alikuwa mwembamba. Mtu wa kikombe cha maziwa asubuhi, basi mpaka kesho. Saado alikuja, akagusa yai, akasema limepoa.

Jama akasema hamwezi kutaka moto bila kuni. Mlisheni, na nyama zaidi, mwili ukiisaga nyama unapata moto.

Basi bulla ikapagawa.

Ikaja mbuzi ya kukaanga. Ikaja canjeero na siagi, halwa, maziwa ya ngamia. Awil wa duka la kona alileta sukari akasema anataka kifaranga kimoja kiitwe jina lake. Watu walijaa kwangu kama kuna arusi. Sokoni walisema kuna mwanamume ana mimba, mwingine akasema tayari amejifungua, na mimi sikumsahihisha mtu, maana wageni ni baraka.

Saado ndiye alikuwa anamlisha. Tonge kwa tonge, uso umekunjwa, anamwambia meza.

Na kweli joto likapanda. Alhamisi Rage alikuwa jiko. Ukimgusa unarudisha mkono.

Tukashangilia. Jama akasema mnaona sayansi.

Jioni hakutaka kula. Tukasema ameshiba. Hakutaka kuinuka. Tukasema sawa, hata kuku hainuki. Vinyweleo vikamsimama mwili mzima, meno yanagongana, na mimi, wacha niseme ukweli, niliwaambia watu wapunguze sauti, mlezi anaatamia.

Saado akaja na bakuli lake. Akamtazama. Akaweka kiganja nyuma ya sikio lake.

"Huyu haatamii," akasema. "Huyu anaumwa."

Malaria. Ile ya kupanda kichwani.

Sisi wote, na somo letu la kuni, tulikuwa tumemzunguka mtu anayekufa tunamsifu kwa joto.

Saado alimfungua shali, akayafunga mayai kifuani kwake mwenyewe, akatuamuru tumbebe Rage hospitali. Usiku ule aliketi kando ya kitanda chake. Mtu wa sindano alipomuuliza amefunga nini kifuani, alimwambia fanya kazi yako.

Alfajiri homa ilishuka. Mayai yakaanza kulia ndani ya gauni la Saado.

Ijumaa ilipita, wazee tukawaambia wangoje. Rage alipopata nguvu nilimsindikiza kwa Saado, aombe msamaha, ajue moja.

Saado akatuona kutoka mbali. Akavuta shela usoni, akakimbilia ndani, akafunga mlango.

Rage aligeuka kuondoka. Macho yamejaa machozi. Aliniambia yule mama alimlisha kwa mkono wake, sasa hataki hata kumwona.

Nikamshika shati.

Ukimgusa mwenzako ukakuta anawaka, ndugu zangu, usikimbilie kisu wala vigelegele. Mzima ana joto, mgonjwa ana joto. Kaa naye kwanza, ndipo utajua ni lipi.

Na kwetu mwanamke anaweza kumtukana mpita njia uso kwa uso, anaweza kumlisha mgonjwa yeyote. Mwanamume ambaye mwanamke humficha uso, akamkimbia ili asimwone akila, ni mmoja tu. Mkwe wake, mume wa binti yake.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa Ramla, anatazama chini, anajikaza asicheke.

"Mama anasema mgeni aingie," akasema. "Chakula kinapoa."