Jiwe la Liwa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi mwosha aliniambia nimwage maji usoni kwa mama, polepole, kuanzia kwenye paji. Nakumbuka dakika kwa sababu nilikuwa nimeivua saa yangu isilowe na kuitundika kwenye msumari wa dirisha, nayo ilikuwa mbele ya macho yangu. Mazishi yalipangwa baada ya adhuhuri. Chumbani tulikuwa wawili tu na marehemu: mimi, bintiye wa pekee, na mwosha, mama mtu mzima wa mtaa wetu hapa Bagamoyo, anayekaanga vitumbua kila asubuhi na ambaye ameosha wanawake wengi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Mama alifariki alfajiri. Usoni bado alikuwa na liwa ya sandali aliyojipaka jana yake kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mkono ule ulikuwa hauwezi tena kushika kikombe. Maji ya majani ya mkunazi yaliilainisha, ikateremka shingoni kama tope jepesi la manjano. Uso ukabaki mtupu.

Nilichokiona hapo sitakiandika. Mwosha hasemi alichokiona juu ya maiti. Ni sharti, na siku ile mimi nami nilikuwa mwosha. Nitaandika tu kilichoupata mwili wangu. Mkono wangu wa kushoto ulipanda shavuni kwangu bila kuagizwa, kidole kikatafuta kigaga kilichokuwa pale tangu juzi, kikakibandua. Tone la damu likaangukia ufuoni, kile kishimo kilichochimbwa kupokea maji ya josho.

"Toka kanawe," mwosha akasema, bila kupandisha sauti. Niliporudi alinishika kifundo cha mkono. "Ya hapa yanabaki hapa. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Nina miaka arobaini na saba, na nimekuwa nikiuchokonoa uso wangu tangu darasa la saba, ambako masomo yangu ya shule yaliishia. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi na madaftari. Kazi yangu ni kupima na kuandika mwani wa kikundi cha akina mama wa Mlingotini, na tabia ya kupima imenifuata nyumbani. Naweza kusema kwa uhakika: nilipokaa mbele ya kioo nikidhani zimepita dakika tano, saa ilionyesha arobaini. Wakati ule hapaumi. Vidole vinatafuta mahali palipoinuka kidogo, vinaminya, vinafukua, na kichwani panakuwa kimya. Maumivu huja kesho yake, ninapoingia majini kuwasaidia wenzangu kufunga kamba na chumvi ikanirukia usoni.

Mama yeye alisifiwa uso na mji mzima. Walisema hazeeki. Alikuwa na jiwe bapa, la rangi ya majivu, na kijiti cha sandali alichokisugua juu yake kwa marashi mpaka ipatikane liwa ya kutosha. Udhu alichukua peke yake, mlango umefungwa. Akaswali chumbani, akatoka amekwishapaka tena. Mara tano kwa siku nilisikia lile jiwe likikwaruza. Nilikua nikijua kwamba mama ana uso mzuri na mimi nina uso mbaya, na kwamba kosa lilikuwa la mikono yangu peke yangu.

Kwa hiyo nilijitibu kama mtu anayelipa faini. Nilipaka ndimu, ikaniunguza. Nilisugua singo, ule unga wa kuwasugulia maharusi, kwenye vidonda vibichi. Kwa miaka mitatu nilinunua krimu ya kuchanganya isiyo na jina kwenye kopo; madoa yakafifia kweli, halafu ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu, na kila nilipoigusa ilichubuka. Nikaacha, madoa yakarudi meusi zaidi. Mwishowe nilisoma kuhusu leza, nikaanza kuweka fedha. Nilikuwa nimefikisha laki nane na elfu arobaini mama alipofariki.

Miezi miwili baada ya msiba nilikwenda Dar es Salaam kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, akaniita mama. Aliwasha taa, akaukagua uso wangu kwa kioo cha kukuzia, na nilijisikia kama niko juu ya kitanda kile alichooshewa mama.

"Una vitu viwili, mama," akasema. "Madoa na vishimo. Madoa ni rangi tu iliyobaki kidonda kilipopona. Yatafifia kwa losheni ya kukinga jua kila siku, na krimu nitakayokuandikia mimi, siyo ya kwenye kopo."

"Na vishimo?"

"Vishimo havipakwi. Kuna kuchoma ngozi kwa visindano vidogo vingi ili ijijenge upya. Kuna dawa ya kuchubua tabaka la juu. Kuna kukata nyuzi zinazolivuta kovu kwa chini. Na kuna leza."

"Nimekuja kwa leza."

"Watu wote wanakuja kwa leza." Alitabasamu kidogo. "Ngozi nyeusi kama yetu, leza isiyopimwa vizuri inakuachia madoa mapya. Lakini siyo hilo linalonizuia. Nionyeshe kucha zako."

Nilimwonyesha. Chini ya kucha ya kidole cha shahada palikuwa na damu kavu ya asubuhi ile.

"Nikikutengenezea uso leo, mkono huu utaufumua kesho. Tibu mkono kwanza. Huu ni ugonjwa, una jina, una wataalamu wake. Ukitulia miezi mitatu, rudi tuzungumze vishimo." Akaishika kalamu. "Kuna mtu katika familia yenu anayefanya hivi?"

Akilini nilimwona mwosha akinishika kifundo.

"Hapana, daktari."

Akaandika hapana. Nilitazama neno lile likikauka kwenye faili langu, nikijua kwamba nimetii sharti na nimesema uongo kwa pumzi moja.

Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja ya mvua, nilikuwa nikikunja kanga nikasikia jiwe likikwaruza chumbani kwa mama. Mwendo ulikuwa uleule: mara tatu ndefu, kisha kutua. Nikaiweka kanga chini. Chumba kile kilikuwa hakilali mtu tangu arobaini. Nilitembea mpaka mlangoni nikausukuma.

Alikuwa binti yangu. Ana miaka kumi na saba, na wakati ule alikuwa nyumbani akingoja matokeo ya kidato cha nne. Alikaa kwenye mkeka wa bibi yake, jiwe mapajani, nusu ya uso imeshapakwa. Kwenye nusu iliyobaki niliona vidonda vitano, viwili vibichi. Nilikuwa nikiishi naye nyumba moja.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu bibi afe. Kabla kidogo." Hakugeuka. "Usianze, mama. Wewe mwenyewe kajitazame."

"Ndiyo maana nataka tuende kwa daktari. Vyako ni vipya, havijachimba. Ukiacha sasa havitaacha shimo."

"Daktari amekufanyia nini wewe? Bibi hakwenda kwa daktari. Bibi alikuwa na hili jiwe tu na hakuwa na hata doa." Akachovya kidole kwenye liwa. "Tabia hii nimeitoa kwako. Dawa nitaitoa kwa bibi."

Nilisimama pale na jibu mdomoni. Kama angejua, angekwenda. Bila kujua, angepaka liwa juu ya vidonda miaka hamsini, mpaka siku mtu mwingine atakapomwaga maji.

Nilikwenda kwa mwosha. Nilimkuta kibarazani akimalizia unga wake wa mwisho wa vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vimebaki sita, na kimoja kimeungua. Hicho nakupa bure kwa ajili ya msiba."

Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza habari ya binti yangu, nikamwuliza kama naweza kumwambia nilichokiona juu ya bibi yake.

"Uliona nini?" akauliza.

"Mama, si ulikuwepo. Uso ule uliushika wewe."

"Niliushika nikauosha. Mimi nimeosha watu, hakuna hata mmoja aliyerudi kunilalamikia kwamba nimemsema." Aligeuza kitumbua. "Ulichokiona kitandani ni amana. Kiache. Lakini ulikaa na mama yako miaka arobaini na ngapi? Ulichokiona akiwa hai ni chako, msimulie umtakaye."

"Akiwa hai sikuona kitu."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nilifanya ninavyofanya na hesabu ya mwani inapokataa: nilianza nyuma kabisa nikaja mbele, mwaka kwa mwaka, kwenye daftari. Siku ya tatu niliipata. Nina miaka tisa. Mama amekaa dirishani, kwenye mwanga, kioo mkononi na pini ya nywele. Mashavu yake hayana liwa, yana vidonda. Ananiona. Hakasiriki. Anasema, "Njoo nikutazame," ananiweka mapajani, ananishika kidevu, na ile pini inakuja juu ya nyusi yangu ya kushoto, polepole, kwa huruma, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Na nilikumbuka kingine, ambacho hakikuhitaji daftari. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia binti yangu maneno yaleyale, "njoo nikutazame," alipotokwa na chunusi za kwanza.

Nilimsimulia yote mawili, lile la dirisha na lile langu. La kitandani sikuligusa. Alisikiliza akizungusha kijiti cha sandali mkononi.

"Kwa hiyo liwa ilikuwa pazia," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ulinifundisha wewe."

"Ndiyo."

Alikiweka kijiti chini. Kesho yake akaniuliza gari la Dar linaondoka saa ngapi.

Daktari aliuliza swali lilelile. Binti yangu akajibu kabla yangu: "Wapo. Na mimi tumekuwa watatu." Daktari akanitazama, akalitafuta faili langu, akalikata lile neno kwa mstari mmoja.

Nimebaki na jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Katika kumbukumbu ile, dirisha lina mbao za buluu. Juzi nilimsikia fundi akikwangua rangi ya madirisha yetu, nikakumbuka kwamba buluu ilipakwa mwaka nilioolewa. Kabla yake yalikuwa ya kijani. Juu ya nyusi yangu ya kushoto kishimo kipo, kipo hata kwenye picha yangu ya darasa la tatu, lakini tetekuwanga nayo huacha vishimo. Huenda nilikosea rangi tu. Huenda pia niliuchukua uso kutoka kitandani, nikaupeleka dirishani ili nipate ruhusa ya kuusema. Nimelipima kila upande na halitoi jibu. Asubuhi nyingine, jiwe likiwa limefungwa kwenye kanga juu ya kabati, bado nalisikia: mara tatu ndefu, kisha kutua.

Binti yangu anavaa plasta ndogo kwenye ncha za vidole anaposoma, kila wiki anaongea na mshauri kwa simu, na amemaliza wiki kumi na moja bila kujichokonoa. Vidonda vyake vimefunga bila kuchimba. Mimi nina wiki mbili, baada ya kuanza upya mara nne. Leza sijaifanya. Fedha nimeziweka kwenye kibweta cha mama, na baada ya daktari, mshauri, plasta na losheni ya jua ya watu wawili, zimebaki shilingi laki tano na elfu sabini.