Mto Chini ya Barabara

Asubuhi hii wafanyakazi wamepasua barabara mbele ya nyumba yetu hapa katika mtaa wa Schaerbeek, na harufu ya tope na mawe yaliyoloa imepanda hadi dirishani. Nimesimama na kikombe mkononi, nikimkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto wa shule tulikuwa wageni katika mji huu wa Wazungu, tumetoka Bukavu. Mama hakutoka nje bila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua Kifaransa. Siku moja shule yangu iliwaalika wazazi kutembezwa katika mitaa ya zamani. Mzee aliyetuongoza alisimama kwenye barabara pana yenye majumba marefu, akasema hapo palipita mto wenye mashua za mizigo, lakini ulianza kunuka na kuleta magonjwa, basi watu wakaufunika na kujenga juu yake. Nilimtafsiria mama.

“Muulize kama ule muto ilikufa,” akaniambia.

Mzee alitabasamu, akatupeleka kwenye ua wa jengo la kale. Chini ya upinde wa matofali, maji meusi ya mto ule yalikuwa yakitembea polepole.

Mama aliinama, akayatazama kwa muda. “Donc, kumbe haiyakufa!” alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame.

Wakati wa kurudi alikataa kupanda tramu, tukaenda kwa miguu. Tulipofika kwenye duka la mikate la Mturuki jirani yetu, alinitangulia kuingia.

“Bonjour, monsieur,” alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. “Deux pains.” Mikate miwili.

Nilibaki nyuma yake mlangoni, sina la kutafsiri.